Bundi Juu ya Meza

Kikao chetu hufanyika Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi kamili jioni, yaani saa kumi na moja kasorobo. Tunakutana Kings Heath, katika ukumbi wa kukodi ulio mtaa wa nyuma ya High Street, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha basi namba 50. Ukumbi una meza ndefu za kukunja, viti vya plastiki, jiko dogo lenye birika la umeme, na madirisha makubwa upande wa magharibi. Yakumbuke madirisha hayo, ndugu msomaji, nitayarudia.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Wanachama tumetoka Tanga, Unguja, Mombasa, Kigoma, Bukavu, na ipo familia moja ya Wangazija ambao Kiswahili chao kinatuchekesha na chetu kinawachekesha. Kila nyumba inatoa pauni 10 kwa mwezi, na nusu yake kwa ambao karatasi zao za kuishi hapa bado hazijakamilika. Akifa mtu hapa, chama kinasimamia maziko. Akifiwa mtu na wa nyumbani, tunampelekea ubani na kukaa naye, kwa sababu hakuna kitu kigumu ugenini kama kupokea simu ya msiba saa nane usiku na asubuhi ukatakiwa kazini.

Mimi ni katibu kwa mwaka wa sita sasa. Naandika muhtasari katika daftari la kaunta la jalada gumu, kwa kalamu ya wino wa bluu, na kila kikao kinapoanza nausoma muhtasari uliopita kwa sauti. Kwa miaka mitano hakuna aliyelalamika, hadi likaja neno "kushughulikia".

Ilikuwa hivi. Ndugu mmoja alifiwa na baba yake Muheza. Kwenye kikao mwenyekiti alisema maneno fulani kuhusu tiketi ya ndege, nami nikaandika: "Mwenyekiti alisema chama kitashughulikia tiketi." Ndugu yule akaenda, akazika, akarudi, akaleta risiti ya tiketi nzima. Mwenyekiti akashangaa. Yeye alikuwa na maana ya kusaidia kidogo, kama kawaida. Yule ndugu alisikia kulipiwa yote. Likaitwa daftari. Daftari likasema "kitashughulikia". Neno hilo, kila mmoja alilivuta upande wake, na mimi niliyeliandika sikuweza kuapa kwamba ndilo lililotamkwa. Huenda mwenyekiti alisema "kitaangalia". Huenda alisema "tutaona". Tulinuniana miezi miwili kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Ndipo kijana wetu wa kompyuta aliponiambia, kwa adabu zote: "Mama katibu, shikamoo. Si kwa ubaya, lakini daftari halina sauti wala sura. Mwezi ujao nitaleta kitu."

Akaleta. Kilikuwa kama chupa ya chai, cheusi, chenye lenzi juu na maikrofoni pande zote, alichokinunua mtumba. Akakiweka katikati ya meza, akakiunganisha na laptopu yake na ukuta ukawa skrini. Tukajiona wote kwa pamoja, duara zima la meza limenyooshwa kama mkeka. Kila uso ulikuwa na kisanduku cha kijani. Aliyezungumza, picha ilimgeukia na kumsogeza karibu. Bi Mkubwa wetu, ambaye ana miaka themanini na hamwogopi mtu, aliweka kikombe chini akauliza: "Bundi gani huyu mmemweka mezani, anageuza shingo bila mwili kugeuka?"

Watoto walicheka. Watu wazima hawakucheka sana. Kwetu bundi akitua juu ya paa usiku, nyumba hiyo hailali, na sisi ni chama cha mazishi.

Nakiri kwamba mimi nilifurahi. Nilifikiri kuanzia leo nitakunywa chai yangu ikiwa moto. Kijana alieleza kwamba programu itajifunza sura zetu, itajua nani ni nani, itaandika nani amesema nini na kwa muda gani, na mwisho itatoa muhtasari. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu walinyamaza, naye akaandika kwamba tumekubali. Ninyi mnaotujua mnajua kunyamaza kwetu kuna aina ngapi.

Baada ya kikao akatuonyesha ripoti. Mwenyekiti: asilimia 41 ya maneno yote. (Hapo palikuwa na kikohozi cha pamoja.) Mweka hazina: 17. Kijana mwenyewe: 15. Ndugu wa tiketi: 12. Bi Mkubwa: haonekani. Si kwamba alipewa sifuri, bali hakuwepo kabisa. Wakati yeye ndiye aliyemaliza ule mgogoro siku hiyo kwa sentensi moja, aliposema kwamba aliyezika baba hadaiwi na anayempa pole hadaiwi, basi kila mmoja abebe nusu na yaishe. Sentensi hiyo programu iliiandika chini ya jina la mtu aliyeketi kando yake. Na wale dada wawili wa Mombasa, ambao siku hiyo walivaa mitandio ya rangi moja, walihesabiwa kuwa mtu mmoja aliyekaa sehemu mbili.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa na mgongo dirishani. Saa kumi na moja jioni, jua la magharibi nyuma yake, na rangi yake ni yetu ile ya makaa. Kwa kamera alikuwa kivuli.

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma. Mimi si mtaalamu, nafanya kazi ya mishahara ofisini, lakini tarakimu nazijua. Nilitaka kuelewa jinsi kompyuta inavyoangalia kikao.

Hatua ya kwanza ni kuujua uso kuwa ni uso. Mwaka 2001 watafiti wawili, Paul Viola na Michael Jones, walitoa njia iliyoweza kufanya hivyo papo kwa papo. Programu yao ilitafuta mistatili ya mwanga na giza: sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu, mgongo wa pua hung'aa kuliko macho ya pande mbili. Siku hizi njia zimekuwa tofauti, programu inafundishwa kwa mamilioni ya picha badala ya mistatili, lakini bado kazi inaanzia kwenye mwanga ulioingia katika lenzi. Mwanga ukiwa nyuma ya mtu, na picha zilizotumika kufundishia zikiwa na watu wachache wa rangi yake, matokeo ni Bi Mkubwa kutokuwepo kwenye kikao alichokiamua yeye.

Jambo hili lilipimwa, na walioipima ni wanawake wawili wenye asili ya bara letu. Joy Buolamwini, ambaye wazazi wake ni wa Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walitoa utafiti wao mwaka 2018. Walichukua picha za wabunge wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, na za wabunge wa Iceland, Finland na Sweden, wakazipa programu za kampuni kubwa na kuziuliza swali jepesi tu: huyu ni mwanamume au mwanamke? Kwa wanaume weupe programu iliyokosea zaidi ilikosea chini ya mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Niliwaza wale waheshimiwa wa Kigali, watu ambao kazi yao ni vikao, wenye viti vyao na vibao vya majina yao, halafu mashine inakosa hata kusema kama ni mama au baba. Baada ya utafiti huo kampuni zilirekebisha programu zao na makosa yalipungua sana. Lazima niseme hivyo kwa haki. Lakini kamera za mtumba hazirekebishwi na mtu.

Hatua inayofuata ni kugeuza uso kuwa orodha ya namba. Umbali huu, mkunjo ule, mamia ya namba kwa uso mmoja, halafu uso mpya ukija namba zake zinalinganishwa na zilizohifadhiwa. Picha inaweza kufutwa na namba zikabaki. Hilo sikulijua, na kijana wetu, nilipomuuliza, hakuwa amelifikiria. Zilikuwa kwenye laptopu yake. Namba za sura zetu zote, na za watoto waliokuwa wanapita kuchukua maandazi.

Nikaendelea kusoma nikakuta jambo lililonichekesha peke yangu usiku. Sayansi hii ya kuangalia vikao ilihitaji vikao vya kujifunzia, na miaka ya 2000 watafiti wa Ulaya walikusanya saa 100 za mikutano katika vyumba vilivyojaa kamera na maikrofoni, huko Scotland, Uswisi na Uholanzi. Mradi uliitwa AMI. Sehemu kubwa ya mikutano hiyo ilikuwa ya kuigiza: watu wanne wanajifanya wafanyakazi wa kampuni inayobuni rimoti mpya ya televisheni. Mmoja msimamizi, mmoja wa soko, wawili wa kubuni. Kisha wakaja watu wa kuandika kila kitu, nani alitikisa kichwa, nani alimwangalia nani. Rekodi hizo bado zinatumika kufundishia na kupimia programu za mikutano. Sasa fikiria. Watu wanne, meza moja, rimoti ya televisheni, kila mmoja anasubiri zamu yake. Halafu mashine iliyotokana na elimu hiyo inaletwa Kings Heath, kwenye watu ishirini na saba wanaosema watatu kwa wakati mmoja, huku nusu ya uamuzi inafanyika jikoni penye birika.

Maana huko ndiko uamuzi ulikofanyika siku zote. Kamera ilikuwa ukumbini. Wanawake walikuwa jikoni wanapanga nani atapika wali wa msiba na nani ana gari. Ripoti ikasema wanawake "ushiriki mdogo".

Neno hilo, ushiriki, lilinichoma kwa sababu ya kwangu mwenyewe. Miaka michache kabla ya hapo, mahali nilipokuwa nafanya kazi (sitapataja) waliweka mfumo katika vikao vya video. Haukuandika maneno tu. Uliwapa wasimamizi alama za usikivu wa kila mtu. Siku ya mazungumzo yangu ya mwaka, msimamizi wangu, mtu mwema tu, akaniambia kwamba kazi yangu ni safi ila kwenye vikao nionyeshe kuwa nipo. Nikauliza kivipi. Akasema alama zangu ziko chini.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Unajua mgeni anavyokuwa. Kwanza unajishuku wewe. Nikaanza kukaa mbele ya kamera nimekodoa macho kama mtu aliyemeza mwiba, natabasamu pasipo kichekesho. Kisha mtoto wangu wa kwanza, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akaniambia: "Mama, una haki ya kuomba kuona walichoandika juu yako. Wana mwezi mmoja kukujibu." Ni sheria ya hapa, na wewe msomaji uliye Uingereza unaweza kuitumia kesho, kwa barua pepe ya mistari mitatu, bila malipo na bila wakili. Nikaandika.

Wakaleta jedwali. Katika vikao kumi na kimoja, asilimia 38 ya muda nilikuwa "uso chini". Nikacheka hadi machozi yakatoka, maana nilikuwa naandika! Mimi ni mtu wa daftari. Nilikuwa nainamisha kichwa kuandika waliyosema, ili baadaye niyafanye. Waliokuwa wanatazama kamera moja kwa moja wakiwaza chakula cha jioni walipata alama za juu.

Tena, kamera ya kawaida haiwezi kuiona mboni ya jicho vizuri kutoka mbali. Mifumo mingi inaangalia kichwa kimeelekea wapi, halafu inakisia jicho, halafu kwa jicho inakisia moyo. Makisio matatu yamepandiana mgongoni. Na sisi tuliolelewa kwamba mtoto akisemeshwa na mkubwa anainamisha macho! Baba yangu angenipa alama za juu kabisa kwa asilimia 38 hiyo. Mwaka 2019 wanasaikolojia wakiongozwa na Lisa Feldman Barrett walipitia tafiti zaidi ya elfu moja na wakahitimisha kwamba huwezi kuusoma moyo wa mtu kwa uhakika kutokana na misuli ya uso wake tu. Bibi yangu Pangani alikuwa anasema hivyo hivyo akitukataza kuhukumu wageni, ila yeye hakupitia tafiti elfu.

Mfumo ule wa ofisini waliuzima baadaye, sijui kwa sababu yangu au kwa gharama. Hawakuniambia. Alama zangu za mwaka ule hazikubadilishwa.

Na tusidhani haya ni ya ofisi moja. Zoom walikuwa na kipengele cha kumwonyesha mwenye kikao nani ameacha kuangalia dirisha la kikao, wakakiondoa Aprili 2020 baada ya watu kupiga kelele. Februari 2024 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya hapa Uingereza iliiamuru kampuni ya Serco Leisure iache kutumia sura na alama za vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000 katika vituo 38 vya michezo. Na kwa ndugu zetu mlioko Uholanzi, Ujerumani, Sweden na kwingine katika Umoja wa Ulaya: tangu tarehe 2 Februari 2025 ni marufuku kutumia mashine kukisia hisia za mtu kazini au shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Sisi tuliobaki nje ya Umoja hatuna marufuku hiyo.

Turudi ukumbini. Mwezi uliofuata bundi alikuwa mezani tena, safari hii pazia limefungwa na Bi Mkubwa amehamishiwa kiti cha kati. Kisanduku chake cha kijani kilionekana na kijana akapiga makofi. Hakuna aliyeona kwamba kiti kimoja karibu na mlango kilikuwa kitupu.

Kilikuwa cha dada yetu wa Bukavu. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayelipa zile pauni 5 zake bila kukosa. Siku ya kwanza ya kamera alikuwepo, na sasa nakumbuka kwamba alipoona visanduku ukutani aliinuka akaenda jikoni, akaosha vikombe vyote, hata visafi, mpaka kikao kikaisha. Nilimshukuru kwa kuosha vikombe. Nilimshukuru!

Mwezi wa pili hakuja, na wa tatu hakuja. Pesa yake iliingia benki kama kawaida, kwa hiyo mweka hazina hakushtuka. Ripoti ya programu nayo haikumtaja, kwa sababu mashine haimtafuti mtu ambaye haikuwahi kumwona. Zamani, kabla ya kusoma muhtasari, nilikuwa naita majina kutoka kwenye daftari, na jina lisipoitikia kuna mtu anasema "anaumwa" au "yuko zamu". Tulikuwa tumeacha kuita majina. Kamera ilikuwa inatuhesabu.

Bi Mkubwa ndiye aliyekutana naye, siku ya Jumanne, nje ya maktaba ya High Street. Akamwona amefunga kitambaa kichwani kwa namna ambayo wazee wanaielewa. Akamuuliza. Mama yake alikuwa amefariki Bukavu siku kumi na moja zilizopita.

Siku kumi na moja. Chama cha kufa na kuzikana kipo, kina akaunti, kina katibu, kina kamera inayozunguka digrii 360, na mtu wetu amekaa na msiba peke yake kwenye chumba kimoja, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu.

Tulikwenda jioni hiyo hiyo, Bi Mkubwa, mimi na mwenyekiti. Alitupokea, akatuketisha kitandani maana kiti kilikuwa kimoja. Nikamuuliza kwa nini hakutupigia simu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Dada katibu, si kwamba nina shida na ninyi. Kule nilikotoka, watu walikuja na orodha. Nilikimbia watu wenye kuandika sura za watu. Halafu naingia kwenu, najiona kwenye ukuta, na jina langu liko juu ya kichwa."

Mwenyekiti, yule wa asilimia 41, hakuwa na la kusema.

Njiani kurudi ndipo alipozungumza, nyuma ya usukani, taa nyekundu baada ya taa nyekundu. Alinikumbusha mwaka 2010. Yeye alikuwa akiishi Sparkbrook wakati huo, si mbali na hapa, ndiko tunakonunua mihogo na nyama. Mimi nilikuwa nimefika Birmingham karibuni, na nilichokumbuka ni milingoti mipya barabarani na baadaye mifuko ya plastiki iliyofunika vitu juu yake. Nilidhani ni matengenezo. Zilikuwa kamera 218, zilizowekwa Sparkbrook na Washwood Heath, maeneo yenye Waislamu wengi, na 72 kati yake zilikuwa za siri. Nyingi zilisoma namba za magari zenyewe. Wakazi waliambiwa ni kwa ajili ya uhalifu wa mitaani. Pesa zake, kama pauni milioni 3, zilitoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi. Jambo lilipotoka gazetini Juni 2010 watu walikuja juu, mikutano ikajaa, kamera zikafunikwa mifuko. Mkuu wa polisi wa Thames Valley, Sara Thornton, aliandika ripoti kali iliyotoka Septemba mwaka huo, mkuu wa polisi wa West Midlands akaomba radhi, na mwaka 2011 kamera ziling'olewa.

"Kilichotuudhi hakikuwa kamera," mwenyekiti alisema. "Kamera zipo kila kona ya mji huu, hata duka la samaki linayo. Kilichotuudhi ni kuambiwa hiki kumbe ni kile. Na mimi nimewakalisha watu mbele ya kitu ambacho sikuuliza kinahifadhi nini."

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyoandika. Bundi alikuwa mezani lakini amezimwa, amefunikwa kanga. Kijana wetu alikuwa ameumia, na nilimwonea huruma, kwa sababu nia yake ilikuwa njema na sisi ndio tuliomnyamazia. Alisema dunia nzima inakwenda huko. Akasema hata Nairobi watu walipanga foleni mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin. Dada mmoja wa Mombasa, yule aliyehesabiwa nusu mtu, akamjibu kwamba ndiyo, na Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2025 ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Mzee wa Kigoma akauliza kwa nini tusibaki na daftari tu. Lakini hapo mke wa mwanachama mmoja akasimama. Mumewe alipata kiharusi mwaka juzi, hawezi kutoka nyumbani, na miezi ile mitatu ya kamera alikuwa anahudhuria kutoka kitandani. Zamani, kwa simu iliyowekwa mezani, alikuwa anasikia ghasia tu. Kamera ilipomgeukia msemaji, alimjua nani anasema, na alikuwa anacheka na kujibu. "Mkiondoa kile kitu," alisema, "mnamwondoa na yeye."

Hilo hatukuwa na jibu lake rahisi. Tulibishana mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuonyesha saa.

Tuliloamua, nimeliandika ukurasa wa 143. Kamera ibaki, kwa ajili ya wagonjwa na walio mbali. Kutambua sura kuzimwe, hakuna kurekodi, hakuna alama za mtu yeyote. Namba za sura zilizohifadhiwa zifutwe mbele ya watu watatu, na zilifutwa, kijana akafungua laptopu na kutuonyesha. Upande wa meza ulio karibu na mlango uwe nje ya lenzi, umewekewa kadi nyeusi upande huo, na atakayekaa huko haulizwi sababu. Majina yaitwe kutoka kwenye daftari kama zamani. Na neno "kushughulikia" lisitumike tena kwa mambo ya pesa, iandikwe ni pauni ngapi.

Sheria ya hapa, nilivyosoma baadaye, ingetudai zaidi ya kunyamaza tangu mwanzo. Sura inayotumika kumtambua mtu iko kundi moja na taarifa za afya na dini, zile zinazolindwa zaidi, na kwa chama kama chetu ridhaa inatakiwa iwe ya wazi, ya mtu mmoja mmoja, tena anayeweza kukataa bila kupoteza kitu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa wale mnaofikiria kupeleka vifaa hivi nyumbani kwenye vikoba na harusi.

Nilimpelekea dada yetu ubani siku ya Jumapili, na daftari kwapani, kwa sababu anayepokea hutia sahihi. Alihesabu pesa, akazikunja, akaziweka chini ya picha ya mama yake. Nikamwambia si lazima jina lake liandikwe, naweza kuandika "mwanachama" tu na mweka hazina ataelewa. Akavuta daftari kwake, akasoma mistari ya juu, majina ya waliofiwa kabla yake na waliofiwa na nani.

"Hii nani anaisoma?" aliuliza.

"Mimi, kwa sauti, Jumamosi ya kwanza. Na anayetaka."

Akachukua kalamu. Aliandika jina lake, halafu chini yake, herufi moja moja kama mtoto wa shule, jina la mama yake na kijiji alichozaliwa. Kisha akainuka kuweka maji ya chai, akaniuliza kama natumia sukari.